Siku Tulipojaribu Basi la Umeme

Karatasi ile ilipita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa mtu mwengine, na niliipenda. Nasema hili mapema nisije nikajifanya mwema huko mbele. Ilikuwa kurasa mbili tu za Kiarabu kikavu cha serikali: kila basi linalochukua walimu kwa mkataba wa ofisi yetu ya elimu hapa Ibra, mkataba ukimalizika, litakalopokea kazi lazima liwe la umeme. Hapakuwa na "ikiwezekana" humo ndani. Niliisoma nimesimama, maana mimi kukaa kitini ni adhabu, nikaizunguka meza nayo mara mbili tatu, nikasema alhamdulillahi, kabla sijastaafu angalau nitaona kitu kimoja kimebadilika na mkono wangu umo.

Halafu nikakumbuka kuwa mabasi matatu katika orodha ile ni ya mdogo wangu.

Ni mdogo wangu wa mwisho. Tulipotoka Unguja kuja Oman mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa imejaa mabunda, na mtu mzima yule mwenye mvi ndevuni alikuwa bado akiingia kwangu akisema, "Shikamoo, Dada," kabla hajavua viatu. Kwa karibu miaka ishirini kazi yake ilikuwa moja. Baada ya sala ya alfajiri anapita nyumba kwa nyumba hapa Ibra, anachukua walimu wa kike, anawapeleka skuli za vijijini upande wa Jaalan, kwenye njia ya Ashkhara, na mchana anawarudisha.

Si kazi ya kila mtu hiyo. Wapo akina baba wasiokubali binti yao apande gari ya mwanamme wasiyemjua, hata serikali ikisema nini. Kwa mdogo wangu walikubali. Binti akichelewa kutoka, yeye hapigi honi. Anashuka, anasimama mbali, ameipa nyumba mgongo, anangoja. Kwa mambo kama hayo mkataba wake ulikuwa ukitiwa saini mwaka baada ya mwaka bila ya mtu kuuliza. Sasa agizo limekuja, na mabasi yake yote matatu ni ya dizeli.

Ijumaa ya wiki ile ile tukakutana kwa Mama, Izki. Kwetu chakula cha mchana cha Ijumaa hakina udhuru, uwe Sur, uwe Nizwa, utafika. Nikamwambia mdogo wangu mwenyewe, kwa kinywa changu, asije akayasikia barazani kwa watu. Nilidhani nafanya wema. Alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sinia.

"Na wewe unalionaje hilo agizo?" akaniuliza.

"Naliona zuri," nikasema. "Joto linazidi kila mwaka, wewe mwenyewe hulali ukilalamika. Mvua zikija zinaingia mpaka vyumbani mwa watu Sur. Mpaka lini tutasema si sisi?"

"Kwa hivyo mabasi yangu matatu ndiyo yalopeleka mvua Sur."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, Dada. Umesema kwa adabu tu."

Mama macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, lakini ulimi wake hauna kasoro. "Nchi inakula kwa mafuta, inavaa kwa mafuta," akasema, "leo inawaambia wanangu mafuta mabaya. Muuza samaki huyo, anakwambia usile samaki, wana shombo." Mdogo wangu akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikanuna, nikaondoka kwenye sinia nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki mbili baadaye wakubwa wakaitisha kikao katika sabla, ule ukumbi wa mtaa ambamo watu hukutana kwa harusi na kwa misiba. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake upande wa nyuma. Kahawa ikapita, salamu zikapita, habari za mvua na za tende zikapita, na mguu wangu hautulii chini ya baibui. Huku kwetu watu hawapandishi sauti mbele ya serikali. Wanapingana kwa dua. Mtu anasimama anasema, "Mwenyezi Mungu awape nguvu katika mradi wenu huu," na kila aliyemo ukumbini anajua keshakataa.

Siku hiyo waliomba dua wengi. Mudiri wangu, mkuu wa ofisi yetu, kijana wa Nizwa mwenye subira kuliko mimi, alieleza kwamba mafuta hayatadumu milele, kwamba serikali lazima ianze na yale inayoyalipia yenyewe, na kwamba vituo vya kuchajia vitajengwa. Akasimama mdogo wangu. Yeye hakuomba dua.

"Nani hapa hapendi hewa safi?" akasema. "Lakini kwenye njia yangu kituo cha kuchajia kipo kimoja, barabara kuu. Baada ya hapo ni mchanga mpaka baharini. Basi likizimika saa saba mchana, mwezi wa sita, na walimu kumi na wawili wamo ndani, baba zao nitawaambia nini? Wangoje vijengwe?"

Wanaume wakatikisa vichwa kumkubali, hata mimi nikajikuta natikisa. Ndipo mwalimu mmoja upande wetu akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa amepanda basi la mdogo wangu miaka mingi, tena alikuwa akimheshimu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mimba yake ya pili nzima aliipitisha akitapika asubuhi kwa ule moshi wa dizeli, na kama lipo basi lisilotoa moshi, yeye anaomba lijaribiwe tu. Mdogo wangu akageuka kumtafuta aliyesema, kisha akakumbuka adabu akatazama chini. Hakuwa amewahi kulisikia hilo.

Ikaamuliwa lijaribiwe. Litaletwa basi moja la umeme, ataliendesha yule yule anayelipinga, kwenye njia yake mwenyewe, na ofisi itatoa mtu wa kukaa ndani na kuandika ripoti. Mudiri akaniita chumbani kwake. "Wewe umelipenda agizo, yeye amelipinga, na nyinyi tumbo moja," akaniambia. "Mkitoka na neno moja, nani atabisha?" Nilipaswa kukataa pale pale. Lakini nilikuwa nimeshatia kalamu mbili kwenye mkoba.

Basi lililetwa jioni, mdogo wangu akapewa alilaze kwake alichaji usiku kucha. Ilikuwa likizo ya skuli, walimu hawakuwapo, kwa hivyo asubuhi nikamkuta amepanga magunia ya mchele kwenye viti, aloyaazima dukani, uzito wao uwe wa walimu kumi na wawili. Nikayasalimia magunia moja moja, yeye akacheka, na kwa dakika mbili tulikuwa watoto tena. Halafu nikakaa kiti cha mbele, nikatazama kioo cha dereva. Picha ya betri ilikuwa imejaa nusu.

"Mbona nusu?" nikamuuliza.

"Ndivyo linavyoonesha likiwa limepoa. Likishapata moto linapanda."

Mtu mwenye akili zake angesema simama. Hata simu yangu ikiwa nusu najua ni nusu. Lakini jua lilikuwa linapanda, mimi nimeshakaa kitini dakika kumi, na mwili mzima ulikuwa unaniwasha kutaka kwenda. "Haya, twende," nikasema. Maneno mawili hayo nimeyatafuna sana tangu siku hiyo.

Tukaenda. Basi lilikuwa kimya hata nikawa nasikia mchele ukitambaa ndani ya magunia. Kiyoyozi alikifungulia mpaka mwisho, nami nikajitia shungi vizuri nikanyamaza. Kwenye barabara kuu tukakipita kile kituo cha kuchajia. Nikamwambia, hatusimami? Akasema walimu wakiwa wanawahi kengele hawana nafasi ya kusimama, na ripoti inataka kweli. Nikaona ana haki. Tukaingia njia ya Ashkhara, na picha ya betri haikupanda wala nini. Ilishuka, ikawa ya manjano, ikawa nyekundu, basi likaanza kujikokota. Tuliposimama tulikuwa mbele ya nyumba tatu na mti mmoja wa mkunazi.

Akatoka mzee katika nyumba ya kwanza, amevaa kanzu na kofia, hakutuuliza kitu. Kwa desturi ya huku mgeni haulizwi shida yake mpaka kahawa imshuke tumboni. Alilitazama basi, akamtazama mdogo wangu aliyeshika waya wa kuchajia, akarudi ndani akatoka na waya mwengine mrefu, akaupitisha dirisha la jiko lake mwenyewe. Umeme wa nyumbani hulijaza basi kwa kudondosha. Ilikuwa bado adhuhuri, na hesabu ya mdogo wangu ilikuwa tungeondoka asiri, ili tuweze kurudi mpaka kituo cha barabara kuu. Mke wa mzee alikuwa kwa binti yao Sur, kwa hivyo yeye mwenyewe akatukalisha sote wawili, akaleta tende, akamimina kahawa.

Sisi tulorudi kutoka Afrika tuna kosa moja hatulikomi: tunadhani Kiswahili ni pazia. Dukani, hospitali, mpaka msibani, tunamteta mtu mbele ya macho yake kwa sauti laini na uso wa tabasamu, kama tunamwombea. Tumeshaumbuka mara ngapi, wala hatusikii.

"Ulilichaji au hukulichaji?" nikamuuliza mdogo wangu, huku namchekea mzee anayenipa kikombe.

"Nilichomeka waya," akasema, naye anachekea kahawa. "Swichi sikuwasha."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Nyinyi mmekuja kujaribu kitu mlokwisha kukiamua. Basi na mimi nimeamua."

"Huo ni wizi, ndugu yangu."

"Wizi ni kumnyang'anya mtu kazi ya miaka ishirini kwa kurasa mbili." Alikitikisa kikombe chake kuonesha ametosheka, akamrudishia mzee kwa mkono wa kulia, adabu zote. "Ukiandika basi limeshindwa, mkataba wangu unabaki. Ukiandika nilivyofanya, mimi basi tena. Sikwambii uandike nini."

Mzee akatuambia kwa Kiarabu tule tende, za shamba lake. Tukala.

"Na wewe uliiona nusu ile," mdogo wangu akaongeza. "Ukasema twende. Mtu wa serikali, kalamu mbili, ukasema twende."

Nikainuka. Nilizunguka uani kwa mzee yule mchana kutwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliugusa ule waya kuona kama una moto. Nilihesabu mbuzi. Nilirudi ndani nikala wali na papa mkavu, nikatoka tena. Mdogo wangu alilala pale pale kwenye zulia, mkono machoni, na mimi nilimwonea wivu na hasira kwa wakati mmoja, maana yeye ndiye aliyekosa na yeye ndiye anayepata usingizi.

Asiri ilipokwisha kusaliwa mzee akauchomoa waya, akauzongazonga taratibu kwenye kiwiko chake. Tukamshukuru kwa Kiarabu, tukamwombea. Akatuitikia dua zetu zote. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha mjini Unguja, safi kuliko changu, "Haya wanangu, safari njema. Na siku nyengine swichi muiwashe."

Nilitamani ardhi inimeze na baibui langu. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee," na mimi nikafuatia, shikamoo iliyochelewa kutwa nzima. "Marahaba," akasema, wala hakucheka, wala hakuuliza zaidi. Tulirudi taratibu mpaka kituo cha barabara kuu, na kutoka pale mpaka Ibra tulizungumza juu ya dawa za Mama.

Ripoti iliniweka siku nne. Niliandika kwamba basi limeshindwa, nikaichana. Nikaandika kwamba majaribio hayakuwa na maana, yarudiwe, nikaiona ya woga, nikaichana nayo. Nilihamisha kabati la vyombo kutoka ukuta huu kwenda ule. Mwisho nikaandika ukweli: dereva aliondoka na betri nusu, kwa makusudi, na kiyoyozi amekifungulia mpaka mwisho. Nikajiambia sina hiari, yule mzee amesikia, maneno yana miguu. Uongo. Mzee yule asingesema hata kwa kuchomwa moto, nilimjua kwa namna alivyouzonga ule waya. Niliandika kwa sababu nililitaka agizo lile lipite, na kwa sababu nilikuwa na hasira na mdogo wangu kwa kulala usingizi wakati ule.

Katika ripoti hiyo palikuwa na mistari mitatu kunihusu mimi. Ilisema kwamba ofisa aliyekuwamo aliiona betri nusu kabla ya kuondoka, akauliza, akapewa jibu lisiloingia akilini, akaruhusu safari. Mistari mizuri, iliyonyooka. Niliisoma mara nyingi. Nikamfikiria mudiri wangu akiisoma, nikafikiria sherehe ya kustaafu na maneno yatakayosemwa, mwaminifu, mwangalifu. Nikaifuta. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja, na baada ya hapo nikaituma upesi kabla sijafikiri tena.

Mkataba wa mdogo wangu haukutiwa saini. Njia zake zilipewa kampuni moja ya Nizwa iliyoahidi mabasi ya umeme. Yeye alipewa nakala ya ripoti, kama ilivyo haki ya mtu aliyeandikwa, na jioni akaja nayo kwangu. Alisimama mlangoni. Nikamwambia ingia, hakuingia.

"Nimeisoma," akasema. "Kila ulichoniandika ni kweli."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hapo huna kosa, nilisema sikwambii uandike nini. Nakuuliza jengine." Akaifungua karatasi, akaigeuza upande na upande. "Wewe uko wapi humu ndani?"

Nikainama kupanga viatu, mimi ambaye Mama husema hata tumboni mwake sikunyamaza.

"Ungelijiandika na wewe, Dada," akasema, "ningeila hasara yangu nikashukuru. Tungeila pamoja." Akaiweka ripoti juu ya kabati la viatu, taratibu, akaenda zake. Nilisikia gari ikiwaka, dizeli ile ile.

Haikupita miezi mingi ikaja karatasi nyengine mezani kwangu. Agizo linaakhirishwa kwa njia zote za mbali, mpaka vituo vya kuchajia vitakapojengwa. Ile kampuni ya Nizwa ikaendelea kuchukua walimu wa Jaalan kwa mabasi ya dizeli, mapya, lakini ya dizeli. Sababu zilizoandikwa mle zilikuwa ni zile zile alizozisema mdogo wangu katika sabla, mchanga na jua na saa saba mchana, ila hakuna aliyemtaja. Niliipiga muhuri. Niliona uchungu mpaka meno yakaniuma, na bado nikaenda kuulizia kwa mudiri kama mtu wa zamani anaweza kurudishiwa kazi. Akasema kwa upole kwamba mtu aliyeandikwa vile harudishwi, na akaniuliza kama nilitaka kuongeza jambo katika ripoti yangu. Alinitazama vizuri alipouliza. Nikasema hapana.

Mdogo wangu aliuza mabasi mawili, la tatu akaling'oa viti, sasa analeta samaki kutoka Ashkhara mpaka soko la Nizwa. Wapo akina baba na waume Ibra waliowatoa binti zao na wake zao kazini kwa kuwa hawamjui dereva mpya. Nawajua watatu. Yule mwalimu aliyesema katika sabla ni mmoja wa waliotolewa.

Ijumaa nyingi hakuja kwa Mama. Kila mara palikuwa na samaki, palikuwa na barafu, palikuwa na gurudumu. Mimi nilikuwa nafika mapema, napanga na kupangua sahani, natazama mlango. Kisha Ijumaa moja akaja. Nilimsikia akivua viatu nje, nikajifuta mikono, nikasimama kuipokea shikamoo yangu.

"Assalaamu alaykum," akasema. "Keyf haalish, ukhti? Eysh akhbaarish?"

Hali yangu na habari zangu aliziuliza kwa Kiarabu, na Dada ikawa ukhti. Nikamwitikia, nikamwuliza kwa Kiswahili hali ya wanawe. Akanijibu kwa Kiarabu kwamba ni wazima, Mungu ashukuriwe, na akaniuliza hali yangu mara ya pili, kama inavyopasa. Akambusu Mama kichwani bila ya neno. Tulipokaa kwenye sinia akaniomba maji kwa Kiarabu, akanishukuru kwa Kiarabu, akaniombea afya na umri mrefu. Hakikuwa Kiarabu cha ugomvi. Kilikuwa kile kizuri, cha sabla, kile tunachowavalia watu wa nje, na nyumbani kwetu tangu tuzaliwe hatujapata kusemezana hivyo, hata siku ya kumzika Baba.

Mama alikuwa kwenye mto wake pembeni, anakisikiliza Kiarabu kile. Nikamwona anapapasa pajani kutafuta mtandio wake. Akaupata, akajifunika kichwa vizuri, akaketi wima, akajifuta mdomo.

"Nyinyi watoto hamna adabu," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu kaingia, mmeniacha hivi hivi. Nani mgeni?"

Mdogo wangu aliutazama wali.

"Mgeni ni mimi, Mama," nikasema.